Malimbikizo ya Social Security kwenye ritani ya kodi: uyahesabu yote mwaka mmoja au uyagawe kwa miaka yake?

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, alirudi Bombo mwaka 2021 akiwa na mgongo mbovu, masanduku mawili na pasipoti ya Marekani. Huko Waltham, Massachusetts, kazi yake ilikuwa kuwainua wazee wa watu vitandani usiku kucha, mpaka mgongo ukakataa. Mwaka 2022 aliomba mafao ya ulemavu ya Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani. Kwanza alikataliwa, akakata rufaa kwa msaada wa wakili wa huko, na mwaka 2024 akakubaliwa. Mafao ya miaka miwili na ushei yakaingia kwa mkupuo.

Furaha ilidumu mpaka Januari iliyofuata, fomu SSA-1099, ile inayoonyesha mafao uliyolipwa mwaka mzima, ilipofika. Kisanduku cha 5 kilisema dola 48,000.

"Hizi zote mimi sikuzipata," aliniambia, kidole kikiwa juu ya namba. "Na sasa watanitoza kodi kama mtu tajiri."

Kwenye lalamiko la kwanza alikuwa na haki nusu. Benki ilipokea dola 40,800, kwa sababu dola 7,200 za wakili zilikatwa juu kwa juu kabla pesa haijamfikia. Lakini fomu huhesabu kila kitu kilicholipwa kwa jina lako, na fungu la wakili limo. Ukiona SSA-1099 ina namba kubwa kuliko ile ya benki, usikimbilie kudai imekosewa. Soma kwanza maelezo yaliyo chini ya kisanduku cha 3, makato yameorodheshwa pale.

Lalamiko la pili ndilo lililonifanya nikae naye barazani jioni tatu mfululizo na kalkuleta ya simu. Sheria ya kodi ya Marekani inampa mtu wa aina yake njia mbili za kupiga hesabu, na achague ile yenye kodi ndogo. Wengi wanaorudi nyumbani hawajui kwamba njia ya pili ipo. Wanaojua nao huitumia hata pale inapowaumiza.

Kisichobadilika

Mkupuo huripotiwa kwenye ritani ya mwaka ulioupokea. Ukilipwa 2024 kwa ajili ya 2022, 2023 na 2024, yote yanakwenda kwenye fomu 1040, yaani ritani yenyewe, ya 2024, jumla yake mstari wa 6a. Hakuna kurudi kurekebisha ritani za zamani kwa sababu ya mkupuo. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu nimemwona mtu mmoja hapa akijaza fomu za marekebisho za miaka miwili, akazituma kwa gharama kubwa, na zote zilikuwa kazi bure.

Kinachochaguliwa ni kile kinachoandikwa mstari wa 6b, yaani sehemu ya mafao inayotozwa kodi. Mafao ya Social Security hayatozwi yote. Kwanza unatafuta kipimo: nusu ya mafao, ongeza mapato yako mengine yote. Kwa mtu asiye na mwenzi, kipimo kikiwa dola 25,000 au chini, hakuna hata senti ya mafao inayotozwa. Kikiwa kati ya 25,000 na 34,000, mpaka nusu ya mafao inaweza kutozwa. Kikipita 34,000, mpaka asilimia 85. Kwa wanandoa wanaowasilisha ritani ya pamoja mipaka ni 32,000 na 44,000. Mipaka ya chini iliwekwa na sheria ya 1983, ile ya juu ikaongezwa na sheria ya 1993, na tangu hapo haijasogezwa ingawa kila kitu kimepanda bei. Ndiyo maana mkupuo wa kawaida tu unamrusha mtu juu ya mstari.

Njia mbili, mtu mmoja

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja: mkupuo wote unahesabiwa kana kwamba ni mafao ya mwaka wa malipo. Njia ya pili ni ya kugawa. Kila fungu unalirudisha kwenye mwaka wake kwa hesabu tu, unaangalia lingetozwa kiasi gani wakati ule kwa mapato ya wakati ule, kisha unajumlisha mafungu yote na kuyaweka kwenye ritani ya mwaka huu. Ukichagua kugawa, unatia alama kwenye kisanduku cha 6c.

Miaka yenyewe huhitaji kuikisia. Maelezo ya kisanduku cha 3 yanataja kiasi kilicholipwa kwa ajili ya kila mwaka uliopita. Kwa shemeji ilikuwa dola 12,000 za 2022, dola 18,000 za 2023, na zilizobaki, 18,000, ni za 2024 yenyewe.

Mapato yake mengine yalikuwa akiba ya uzeeni ya kule kazini aliyokuwa akiichota kidogo kidogo: 6,000 mwaka 2022, 8,000 mwaka 2023. Mwaka 2024 alichota 20,000 ili amalizie paa la nyumba. Ana miaka 61 na ni mjane, kwa hiyo anawasilisha ritani kama mtu asiye na mwenzi.

| | Yote mwaka 2024 | Kugawa kwa miaka |
|---|---|---|
| Kipimo cha 2022 | hakihusiki | 6,000 + 6,000 = 12,000 |
| Kipimo cha 2023 | hakihusiki | 9,000 + 8,000 = 17,000 |
| Kipimo cha 2024 | 24,000 + 20,000 = 44,000 | 9,000 + 20,000 = 29,000 |
| Mafao yanayotozwa kodi | 13,000 | 0 + 0 + 2,000 = 2,000 |
| Mapato baada ya punguzo la kawaida la 14,600 | 18,400 | 7,400 |
| Kodi | dola 1,976 | dola 740 |

Zile 13,000 zimetoka wapi? Kipimo cha 44,000 kimepita 34,000 kwa 10,000, na asilimia 85 yake ni 8,500. Juu yake unaongeza 4,500, ambayo ni nusu ya ile nafasi ya 9,000 iliyopo kati ya mipaka miwili. Kwa njia ya kugawa, 2022 na 2023 hazifiki hata 25,000, basi mafungu yake yote mawili yanapita bila kuguswa. Mwaka 2024 unazidi mpaka kwa 4,000 tu, na nusu yake ndiyo inayotozwa.

Tofauti ni dola 1,236, zaidi ya shilingi milioni nne za Uganda. Alipoiona hiyo namba ya mwisho alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya mabati.

Pale kugawa kunapoumiza

Sasa mchukue jirani yetu, nitamwita Mama Zaituni. Yeye alipita umri kamili wa kustaafu akiwa bado kazini, akaomba mafao yake Januari 2024. Mtu aliyepita umri huo anaweza kulipwa nyuma hadi miezi sita, naye akalipwa hiyo sita yote: dola 6,000 za 2023. Mafao ya 2024 aliyoyapokea yalikuwa 11,000, na mapato yake mengine mwaka huo, baada ya kuacha kazi na kurudi Uganda, yalikuwa 15,000. Mwaka 2023 alikuwa na mshahara wa 45,000.

Njia ya kwanza: nusu ya 17,000 ni 8,500, ongeza 15,000, unapata 23,500. Iko chini ya 25,000. Hakuna kinachotozwa, na zile 15,000 zinamezwa na punguzo la kawaida, ambalo kwa mtu wa miaka 65 na zaidi lilikuwa 16,550 mwaka 2024. Kodi sifuri.

Njia ya pili inazipeleka zile 6,000 kwenye mwaka ambao yeye alikuwa na mshahara mnono. Huko zinapigwa asilimia 85, yaani 5,100, na hizo 5,100 zinaletwa kwenye ritani ya 2024. Mapato yanakuwa 20,100, kodi inatoka dola 355. Angeweka alama kwenye 6c kwa kusikia tu kwamba "ukigawa unapunguziwa", angelipa dola 355 ambazo hadaiwi na mtu. Na ukishachagua kugawa, kubadili mawazo kunahitaji kibali cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Kwa hiyo jiulize kwanza miaka ya nyuma ilikuwa na nini. Ikiwa ilikuwa mikavu, kama ya shemeji aliyekuwa akisubiri rufaa huku akiishi kwa akiba na muhogo wa shambani, kugawa karibu kila mara kunafaa. Ikiwa ilikuwa miaka ya mshahara, acha mkupuo ukae mwaka wa malipo. Na ikiwa hata baada ya kuhesabu yote pamoja bado uko chini ya 25,000, funga daftari, hakuna cha kugawa.

Mitego ya sisi tunaoishi Uganda

Mtego mkubwa kuliko yote ni ndoa. Mtu amerudi, ameoa Arua au Mbale, mke hana uraia wala namba ya kodi ya Marekani. Ritani inajazwa kama mwanandoa anayewasilisha peke yake. Hapo sheria ni kali ajabu: ukiwa umekaa na mwenzi wako hata siku moja ndani ya mwaka, mpaka wako si 25,000 tena, ni sifuri. Mafao yanaanza kutozwa tangu dola ya kwanza ya kipimo, mpaka asilimia 85. Sasa tazama nguvu ya njia ya kugawa hapa: kila mwaka wa nyuma unahesabiwa kwa hali ya ndoa ya mwaka ule. Aliyeoa 2024 na kulipwa malimbikizo ya 2022 na 2023 anaweza kuyarudisha kwenye miaka aliyokuwa kapera mwenye mpaka wa 25,000. Mtu wa namna hii asipogawa anajichoma mwenyewe.

Ipo pia njia ya kumwingiza mwenzi kwenye ritani ya pamoja kwa kukubali ahesabiwe kama mkazi wa Marekani kikodi. Mpaka unapanda hadi 32,000, lakini mapato yake yote, hata ya duka lake la Arua, yanaingia hesabuni, na lazima aombewe namba ya kodi. Kwa mke asiye na kipato kikubwa inaweza kufaa. Kwa mke mfanyabiashara, fikiria mara mbili.

Mtego wa pili ni mshahara wa hapa. Raia wa Marekani anayefanya kazi Gulu au Kampala huweza kuondoa mshahara huo kwenye kodi kwa fomu 2555. Wengi hudhani ukiondolewa umeondoka. Kwenye kipimo cha mafao unarudishwa, mwaka huu na kila mwaka wa nyuma unaoupigia hesabu. Mtu anaandika miaka ya nyuma kuwa mikavu, kumbe ilikuwa na mshahara uliojificha nyuma ya 2555, na hesabu yote ya kugawa inakuwa ya uongo.

Wa tatu ni wa wale ambao si raia na walisharudisha kadi ya kijani. Huyu hana cha kuchagua. Social Security hukata asilimia 30 ya sehemu ya asilimia 85, yaani asilimia 25.5 ya kila malipo, na fomu yake ni SSA-1042S. Marekani na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato wa kupunguza makato hayo. Kwa kuwa kiwango ni kimoja bila kujali mapato, kugawa kwa miaka hakubadilishi kitu. Aliyeondoka na kadi ya kijani mfukoni bila kuirudisha rasmi ni habari nyingine: kikodi bado ni mkazi wa Marekani, na mambo yote ya juu yanamhusu.

Waliolipwa mkupuo mwaka 2025

Kundi hili linastahili neno lake. Kulikuwa na kanuni iliyompunguzia mafao mtu mwenye pensheni ya kazi isiyokatwa Social Security, na pensheni za nje ya Marekani zilihesabiwa pia. Aliyefundisha shule ya serikali Uganda miaka mingi, kisha akafanya kazi Marekani, alikuwa akikatwa. Sheria iliyosainiwa tarehe 5 Januari 2025 iliifuta, kuanzia mafao ya Januari 2024. Malipo ya nyuma yakamwagwa 2025, kwa hiyo SSA-1099 ya 2025 ya watu hao ina fungu la 2024 ndani yake. Hapa mwaka wa kurudi nyuma ni mmoja tu na fungu mara nyingi si kubwa, basi tofauti kati ya njia mbili inaweza kuwa ndogo. Bado piga zote mbili, ni karatasi moja ya ziada.

Na usidanganyike na maneno yaliyozunguka kwamba tangu 2025 mafao hayatozwi kodi tena. Kilichokuja ni punguzo la dola 6,000 kwa wenye miaka 65 na zaidi, kwa miaka 2025 hadi 2028, linaloanza kupungua mapato yakipita 75,000 kwa asiye na mwenzi. Namna ya kupima mafao iko palepale.

Kanada, Uingereza na hapa nyumbani

Kwa kuwa kila nikieleza haya barazani huwa anatokea mtu mwenye ndugu Toronto au London: kwao mambo ni mengine. Kanada, mkupuo unaotambulika wa angalau dola 3,000 za miaka ya nyuma unapata fomu T1198 kutoka kwa mlipaji, unaiambatisha, na mamlaka ya kodi yenyewe ndiyo inayopiga hesabu na kukupa iliyo nafuu. Naipenda hiyo. Uingereza, pensheni ya serikali inatozwa kwa mwaka uliostahili kuipata, hata ikilipwa kwa kuchelewa, basi kugawa ndiyo sheria na hakuna cha kuchagua.

Uganda nako, afande mstaafu anayesubiri malimbikizo ya pensheni hana kichwa cha kuumia kwa upande wa kodi, maana pensheni haitozwi kodi ya mapato. Anayesubiri malimbikizo ya mshahara ndiye atakayekuta PAYE, kodi ya mshahara, imeshakatwa. Na ukiwa na ritani zote mbili angalia kalenda: mwaka wa kodi wa URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, huanza Julai na kuishia Juni, wa IRS ni Januari hadi Desemba. Usichanganye karatasi za benki.

Kabla hujaketi kuhesabu

Tafuta SSA-1099 ya mwaka wa malipo na nakala za ritani za kila mwaka uliotajwa ndani yake. Bila ritani za zamani huwezi kugawa, maana unahitaji mapato ya mwaka ule, hali ya ndoa, na kama kulikuwa na mafao mengine yaliyokwisha kutozwa, kwa sababu yale hutozwi tena. Karatasi za hesabu zimo katika chapisho la 915 la IRS: ya 1 ni ya njia ya kawaida, ya 2 ni ya kila mwaka wa nyuma baada ya 1993, ya 4 inajumlisha. Shemeji alihitaji mbili za aina ya 2. Programu nyingi za kujaza ritani zinaweza kufanya hivi, ila lazima uziambie kuwa kuna fungu la nyuma. Ukiingiza kisanduku cha 5 peke yake ukabonyeza endelea, zinakupeleka njia ya kwanza kimyakimya.

Yapo malipo yasiyoingia kabisa kwenye hesabu hii: SSI (msaada wa watu wenye kipato kidogo), mafao ya ulemavu ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, na zile dola 255 za msiba zinazolipwa mara moja mtu akifariki. Usiziongeze kwa uaminifu wa kupitiliza.

Muda: aliye nje ya Marekani ana mpaka tarehe 15 Juni bila kuomba, na akiomba kwa fomu 4868 anafika 15 Oktoba. Lakini riba ya kodi usiyolipa inaanza kuhesabiwa 15 Aprili.

Sisi tulimaliza mwanzoni mwa Juni. Mstari wa 6a tukaandika 48,000, wa 6b 2,000, na 6c nikamwachia mwenyewe atie alama. Karatasi za hesabu hazitumwi IRS, zinabaki nyumbani. Zake ziko kwenye faili la kijani pamoja na risiti za mabati.